Nafasi kati ya Mtoto na Mtoto: Mzigo Uliohama Mabega



Katika mafundisho ya wachumba tunayoyaongoza parokiani, hufika siku ambayo mazungumzo hugusa idadi ya watoto na muda unaopaswa kupita kati ya mmoja na mwingine. Hapo husikika kauli mbili. Wa kwanza husema: «Kupanga uzazi ni mambo ya Wazungu, wazee wetu walizaa bila kuhesabu.» Wa pili hujibu: «Wazee wetu hawakujua, elimu hii imekuja na vituo vya afya.» Kauli hizi zinapingana, lakini zimesimama juu ya wazo lilelile, kwamba kabla ya kufika kwa wageni hapakuwa na utaratibu wowote katika nyumba za wazee wetu. Historia ya nchi yetu inakataa wazo hilo.

Tunapenda kuipitia historia hiyo pamoja nanyi, kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo kijana anayejiandaa kwa ndoa anapaswa kulijua. Zamani, kutunza nafasi kati ya mtoto na mtoto ilikuwa kazi ya watu wengi: mume, mke, mama wa mume, shangazi, na ukoo mzima uliotazama. Katika muda wa miaka mia moja na kidogo, kazi hiyo ilitolewa mabegani mwa wengi ikawekwa begani mwa mwanamke peke yake.

Walivyofanya wazee

Katika sehemu kubwa ya Kongo, mama aliyejifungua alimnyonyesha mtoto wake miaka miwili, pengine mitatu. Kwa makabila mengi, muda huo wote au sehemu yake kubwa mume na mke hawakulala pamoja. Mahali pengine mama alirudi kwa wazazi wake na kukaa huko mpaka mtoto atembee vizuri na kula chakula cha wakubwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa moja: wazazi wakikutana mapema, maziwa ya mama yataharibika na mtoto atadhoofika. Waswahili wa pwani ya Bahari ya Hindi wana neno kamili kwa kosa hilo. Husema kwamba wazazi «wamembemenda» mtoto. Tuangalie vizuri sarufi ya neno hilo: wanaolaumiwa ni wawili, baba na mama. Hakuna aliyeambiwa kwamba jambo hili ni la mwanamke tu.

Desturi hazikuwa sawa kila mahali. Katika nyanda za juu za Kivu, kwa mfano, wazazi walirudiana mapema baada ya kujifungua, na katazo la muda mrefu halikuwepo kama lilivyokuwa sehemu nyingine. Hata hivyo, huko pia watoto walifuatana kwa nafasi kubwa, kwa sababu mama alimnyonyesha mtoto mchana na usiku, mgongoni, shambani na kitandani, kwa muda mrefu sana. Jinsi unyonyeshaji huo ulivyoweza kulinda nafasi tutaieleza mbele.

Kivu ilijua pia kinachotokea nafasi isipotunzwa. Mtoto aliyeachishwa ziwa ghafla kwa sababu mdogo wake yuko njiani, akalishwa unga mtupu bila maharage, samaki wala maziwa, alivimba miguu na uso, nywele zikageuka rangi, akanyamaza kando ya moto asitake kucheza. Ugonjwa huo kwetu unaitwa bwaki. Mwaka 1933 daktari mwanamke, Cicely Williams, alieleza ugonjwa uleule katika koloni la Waingereza lililoitwa Gold Coast, ambalo leo ni Ghana. Miaka miwili baadaye aliupa jina alilolisikia kwa wanawake Wagaa wa huko: kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto anayetolewa mahali pake mdogo wake anapozaliwa. Wanawake wa Kiafrika walikuwa wamekwisha kuona uhusiano kati ya mimba ya haraka na mtoto anayefifia, hata kabla madaktari hawajauandika katika majarida yao.

Tusiipake historia hii sukari. Desturi ya kujinyima kwa muda mrefu ilibebwa mara nyingi na ndoa ya wake wengi: mume alijinyima kwa mke mmoja huku akienda kwa mwingine. Watoto wengi walikufa kwa magonjwa ambayo leo chanjo inayazuia. Wala mwanamke hakuulizwa daima anapenda nini. Hata hivyo, kanuni ilikuwepo, ilijulikana na wote, na aliyeivunja aliulizwa na wazee.

Hofu ya nchi kubaki tupu

Kutoka mwaka 1885 hadi 1908 nchi yetu ilikuwa mali ya mfalme Leopold II. Kazi ya shokoa ya mpira, vita, njaa, na magonjwa yaliyoenea pamoja na misafara, hasa malale, viliua watu wengi na kuwatawanya wengine. Ubelgiji ilipoichukua nchi mwaka 1908, wakubwa wake waliona vijiji vimepungua. Mwaka 1919 tume iliyowekwa na serikali kwa ajili ya kuwalinda wenyeji ilikadiria kwamba tangu Wazungu walipoanza kuitawala nchi, wakazi walikuwa wamepungua kufikia nusu.

Hofu hiyo ilikuwa na sura mbili. Wapo walioona huruma ya kweli kwa watu waliokuwa wakifa. Wapo pia walioona kwamba bila watu hakuna wa kuchimba shaba, kujenga reli wala kuvuna mawese. Mara nyingi sura hizo mbili zilikaa ndani ya mtu mmoja. Zote zilifikia swali moja: kwa nini wanawake wa Kongo hawazai zaidi? Katika kulitafutia jibu, watawala, madaktari na wamisionari wengi waliinyoshea kidole desturi ya kunyonyesha kwa muda mrefu na ya kujinyima. Wamisionari waliona kwamba desturi hiyo inategemeza ndoa ya wake wengi. Madaktari waliona kwamba inapoteza miaka ya uzazi. Mwaka 1912 kiliundwa chama cha kulinda utoto wa Kiafrika katika Kongo ya Wabeleji, na baadaye vikaenea vituo vya kupima uzito wa watoto na kuwafundisha akina mama namna mpya ya kulisha. Kutoka huko imetoka ile siku ya mizani ambayo mama zetu wanaijua hadi leo.

Kambi za Katanga

Hakuna mahali ambapo jambo hili lilionekana wazi kama katika kambi za Union Minière du Haut-Katanga. Mwanzoni kampuni hiyo ilichukua wanaume peke yao kwa mikataba mifupi, nao walikufa wengi, walitoroka wengi, na wengine walirudi kwao mara tu mkataba ulipokwisha. Gharama ya kutafuta watu wapya kila mara ilikuwa kubwa. Tangu miaka ya 1920 kampuni ilibadili njia. Ilileta watu kutoka mbali, hata Rwanda na Urundi, ikawapa mikataba ya miaka mitatu, na ikataka wakae kambini pamoja na wake zao. Mke na watoto walihesabiwa katika posho. Nyumba ya uzazi ilijengwa, na masista waliajiriwa kuwahudumia akina mama.

Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia afya na baadaye mambo ya wafanyakazi wa kampuni, aliandika mwaka 1946 juu ya miaka ishirini ya siasa hiyo na matokeo yake. Mtoto aliyezaliwa kambini alionwa kuwa mfanyakazi wa kesho, aliyekulia karibu na mgodi na kuzoea saa ya kengele. Basi mama alihimizwa kumwachisha mtoto ziwa mapema kuliko desturi ya kwao, na mtoto alipewa uji na chakula chini ya macho ya wahudumu wa kampuni. Vizazi vilikaribiana, na vifo vya watoto wachanga vilipungua sana kambini kwa sababu palikuwa na chakula, maji na dawa.

Tunaandika mambo hayo mawili pamoja kwa sababu yote mawili ni kweli. Mama wa kambini alikuwa na mkunga, kitanda safi na posho, mambo ambayo mama wa kijijini hakuwa nayo. Lakini shangazi hakuwepo. Mama mkwe alibaki Lomami au Rwanda. Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja au viwili, na hapakuwa na nyumba ya wazazi ya kurudia mpaka mtoto atembee. Wale wote waliokuwa wakiilinda nafasi pamoja na mke na mume walikuwa mbali, na mahali pao palikuwa na karani mwenye daftari la posho.

Sheria zilifuata mkondo huohuo. Baba mwenye mke mmoja na watoto wanne aliweza kusamehewa kodi. Mwaka 1933 amri ya serikali ilikataza kutangaza na kuuza vitu vya kuzuia mimba. Amri ya tarehe 4 Aprili 1950 ilipiga marufuku ndoa mpya za wake wengi kuanzia Januari 1951. Sisi Wakristo hatuwezi kusikitika kwa kufa kwa ndoa ya wake wengi. Tunachokiona ni kwamba nguzo moja ya desturi ya kale iliondolewa bila nyumba yenyewe kutazamwa. Mume aliyekuwa akisubiri kwa sababu ana mke mwingine sasa alikuwa na mke mmoja, na hakuna aliyemfundisha kusubiri kwa sababu nyingine.

Kilio cha wasiozaa

Kabla hatujasonga mbele, tukumbuke kundi ambalo husahauliwa kila panapozungumzwa habari za uzazi. Kati ya mwaka 1955 na 1957 serikali ya kikoloni ilifanya uchunguzi mkubwa wa wakazi wa Kongo, ulioongozwa na mtaalamu Anatole Romaniuk. Ulionyesha kwamba uzazi haukuwa sawa nchini. Wakati Kivu ilikuwa na watoto wengi sana, katika nchi ya Uele na katika misitu ya Wamongo palikuwa na wilaya ambamo zaidi ya mwanamke mmoja kati ya watano alifika mwisho wa umri wa kuzaa bila hata mtoto mmoja. Sababu kubwa ilikuwa magonjwa ya zinaa, hasa kisonono, yaliyoenea sana katika miaka ya shokoa, misafara na kambi. Wanawake hao walitukanwa, walirudishwa kwao, waliitwa wachawi, ilhali mara nyingi ugonjwa uliletwa nyumbani na mume. Hapa pia mzigo wa wawili ulibebwa na mmoja.

Kanisa lilivyotafuta njia

Katika miaka hiyohiyo Kanisa la ulimwengu lilikuwa likitafakari. Tarehe 31 Desemba 1930, Papa Pius XI alitoa waraka Casti connubii, uliokataa njia zote zinazozuia tendo la ndoa lisizae matunda yake. Lakini elimu ya mwili ilikuwa ikisonga. Katika miaka ya 1920 daktari Kyusaku Ogino wa Japani na daktari Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja peke yake, walionyesha kwamba katika kila mwezi wa mwanamke zipo siku chache tu ambazo mimba inaweza kutungwa. Tarehe 29 Oktoba 1951, akizungumza na wakunga wa Italia, Papa Pius XII alikubali waziwazi kwamba mume na mke wenye sababu nzito wanaweza kutumia siku zisizo za rutuba. Kuanzia mwaka 1953, huko Melbourne nchini Australia, daktari John Billings, na baadaye mkewe daktari Evelyn Billings, walitayarisha njia ya kutambua siku hizo kwa kuangalia ute wa mwili, njia inayoweza kufundishwa hata kwa mama asiyejua kusoma.

Mwaka 1965 Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et spes, ulisema jambo ambalo kila kijana anapaswa kulishika: wenye kuamua juu ya uzazi mbele za Mungu ni mume na mke wenyewe, kwa pamoja, wakifikiria mema yao, ya watoto waliozaliwa na watakaozaliwa, ya jamaa na ya jamii, na kwa dhamiri inayoisikiliza sheria ya Mungu na mafundisho ya Kanisa. Papa Paulo VI alikuwa na tume iliyochunguza swali la njia mpya, na mwaka 1966 wengi wa wajumbe wake walipendekeza mabadiliko. Baba Mtakatifu hakufuata pendekezo hilo. Tarehe 25 Julai 1968 alitia sahihi waraka Humanae vitae, unaokataa vidonge na njia nyingine za kuzuia mimba, lakini unaosisitiza uzazi wenye wajibu na kuruhusu kupanga nafasi kwa kufuata nyakati za mwili.

Wengi wamesoma katika waraka huo neno «usifanye» tu. Tunawaomba mwone pia kinachodaiwa kwa mwanamume. Njia ya kufuata nyakati za mwili haiwezekani kabisa bila mume anayekubali kusubiri. Mwanamke hawezi kuitumia peke yake kwa siri. Kwa hiyo fundisho hilo, hata kwa wale wanaoliona kuwa gumu, linarudisha sehemu ya mzigo kwenye bega lililouacha.

«Uzazi unaotamaniwa»

Miaka minne baada ya waraka huo, tarehe 5 Desemba 1972, Rais Mobutu alizungumza mbele ya baraza la kutunga sheria. Nchi iliyokuwa na amri ya mwaka 1933 sasa ilitangaza siasa mpya, iliyoitwa kwa Kifaransa Naissances désirables, yaani uzazi unaotamaniwa. Jina lilichaguliwa kwa busara. Halikusema «kupunguza», kwa sababu katika nchi yenye kumbukumbu ya vijiji vilivyobaki tupu na ya akina mama wa Uele wasio na watoto, neno hilo lisingesikilizwa. Siasa hiyo iliahidi mambo mawili: kuwasaidia waliotaka kutenga nafasi, na kuwatibu waliotamani mtoto bila kumpata. Mwaka uliofuata liliundwa baraza la taifa la kuisimamia, na kazi ilianza katika hospitali kubwa ya Kinshasa iliyoitwa wakati huo Mama Yemo. Mwaka 1982, kwa msaada wa Marekani, ulianzishwa mradi wa kupeleka huduma hizo katika miji mingine.

Ahadi ilikuwa nzuri kuliko utekelezaji. Nchi ilikuwa ikifukarika. Mwaka 1991 askari waliipora miji, wafadhili wakaondoka na dawa zikatoweka. Kisha vita vya 1996 na 1998 vikafuata. Katika sehemu nyingi za mashariki, vituo vya afya vilivyobaki wazi vilikuwa vile vya majimbo ya Kanisa na vya madhehebu mengine, navyo vililindwa na wauguzi waliokaa miezi mingi bila mshahara.

Tuone basi ajabu ya historia. Kwa nusu ya kwanza ya karne, mwanamke wa Kongo aliambiwa kwamba hazai vya kutosha. Kwa nusu ya pili aliambiwa kwamba anazaa kupita kiasi. Mara zote mbili hesabu ilifanywa mahali pengine: katika ofisi ya kampuni, ya gavana, ya serikali, au ya mfadhili. Na mara zote mbili aliyeitwa, aliyepimwa na kuelekezwa alikuwa yeye, mumewe hakuitwa.

Maziwa ya mama wa Kivu

Sasa tutimize ahadi tuliyoitoa juu. Katika miaka ya 1970 madaktari kutoka Ubelgiji, miongoni mwao Delvoye na Robyn, waliwachunguza akina mama wanaonyonyesha katika Kivu. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1977 yalionyesha kwamba siri imo katika idadi ya mara za kunyonyesha. Mama anayemnyonyesha mtoto zaidi ya mara sita kwa siku huwa na kiasi kikubwa cha homoni ya maziwa damuni kwa zaidi ya mwaka mzima. Naye anayenyonyesha mara chache, homoni hiyo hushuka mapema. Homoni hiyo ikiwa juu, kwa kawaida yai halikomai na damu ya mwezi hairudi. Desturi ya bibi zetu, kumbeba mtoto mgongoni na kumpa ziwa kila analitaka, ilikuwa na nguvu ya kweli ndani ya mwili, na wanawake wa Kivu wameifundisha dunia.

Mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, nchini Italia, walikubaliana juu ya kanuni yenye masharti matatu: mtoto awe hajatimiza miezi sita, anyonye ziwa la mama bila kupewa chakula kingine, mchana na usiku, na damu ya mwezi ya mama iwe haijarudi. Masharti yote matatu yakitimia, kinga hufikia asilimia 98. Likikosekana hata moja, mama asiitegemee tena. Kisha mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu Geneva, nao wakashauri kwamba baada ya kujifungua mtoto aliye hai, wazazi wangoje angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine. Hesabuni wenyewe: miezi 24 ya kungoja na miezi tisa ya mimba ni karibu miaka mitatu kati ya mtoto na mtoto. Ni kipimo kilekile cha wazee.

Tulipo leo

Uchunguzi wa afya ya wakazi uliofanywa katika nchi yetu mwaka 2013 na 2014 unaonyesha bei tunayoilipa. Kwa wastani mwanamke alizaa watoto 6,6. Kati ya watoto 1.000 waliozaliwa, 104 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwa kila watoto 100.000 waliozaliwa hai, akina mama 846 walipoteza maisha kwa sababu ya mimba au uzazi. Wanawake wanane tu kati ya mia walioolewa walitumia njia ya kisasa ya kupanga uzazi, na zaidi ya robo yao walitaka kungoja au kuacha kuzaa lakini hawakuwa na njia yoyote. Si umbali wa mimba pekee unaoua. Barabara mbovu, damu isiyopatikana, vita na umaskini vinaua pia. Lakini mimba zinazofuatana upesi humkuta mama hajarudisha damu na nguvu zake, na mtoto anayezaliwa hivyo ana hatari kubwa zaidi ya kufa.

Katika kituo cha afya mtasikia habari za vidonge, sindano na vipandikizi. Katika Kanisa mtasikia kwamba njia hizo hazikubaliki, na kwamba njia za kufuata nyakati za mwili zinafundishwa, pamoja na unyonyeshaji tulioueleza. Hatuwafichi kwamba sauti hizi mbili zipo. Mtazikutanisha katika dhamiri zenu, na dhamiri huhitaji kufundishwa vizuri. Lakini liko jambo moja ambalo hakuna sauti inayolipinga. Mama anayekwenda peke yake kituoni kwa kificho, akiogopa kipigo akirudi, na mama anayeshika hesabu ya siku zake huku mume hataki kusikia, wote wawili wanabeba mzigo ambao haukukusudiwa bega moja.

Tunawageukia hasa ninyi vijana wa kiume. Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nao hawakusema ni mama peke yake. Mababu zenu, pamoja na mapungufu yao, walikubali kwamba mwanamume anawajibika kwa afya ya mtoto anayenyonya, na kwamba asipojizuia atalaumiwa mbele ya watu. Baba aliyejua hivyo hakujiona kuwa mdogo. Leo hakuna ukoo unaotazama dirishani. Kila mmoja yuko katika nyumba yake, mjini, kwenye mgodi au kambini mwa wakimbizi. Kama mwanamume hataushika mwenyewe wajibu huo kwa hiari na kwa upendo, hakuna atakayeushika mahali pake. Kujua siku za mke wako, kumsindikiza kituoni, kumpikia anaponyonyesha, kusubiri bila kununa, kumnyamazisha ndugu anayeuliza «mbona hajashika mimba nyingine?»: hiyo ndiyo nafasi kati ya mtoto na mtoto. Hutunzwa na watu kabla ya kutunzwa na njia yoyote.

Nanyi vijana wa kike, mkiulizwa na mchumba habari za mahari na nguo za arusi, muulizeni naye habari za jambo hili. Jibu lake litawaambia mengi juu ya ndoa itakayokuja.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Waulizeni bibi na babu katika familia zenu: nani alisaidia kutunza nafasi kati ya watoto, na kwa desturi gani?

2. Leo, katika mtaa au kijiji chetu, nani anaulizwa mtoto anapoachishwa ziwa mapema kwa sababu ya mimba mpya: baba, mama, au wote wawili?

3. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini ili mama asiye na mtoto na mama mwenye watoto wengi, wote wawili, wasitukanwe kati yetu?